Rupert Gould, Ofisa wa Majini Aliyezifufua Saa za Harrison

Mwaka 1920 ofisa mmoja wa Jeshi la Majini la Uingereza, kijana wa miaka 29, alifika Greenwich, kwenye kituo cha kifalme cha kuangalia nyota, kutazama mashine nne za zamani. Alikuwa na nia ya kuandika kitabu juu ya historia ya saa za baharini, na mashine hizo ndizo asili ya saa zote za aina hiyo. Alizikuta katika hali ya kusikitisha. Ile ya kwanza, yenye uzito wa kilo 34 hivi, ilikuwa imesimama kwa miaka mingi. Shaba yake ilikuwa imeota kutu ya kijani, springi zake hazipo, vipande vingine vimepotea, na uchafu umejaa katikati ya magurudumu. Ofisa yule hakuwa fundi saa, wala hakuwahi kukaa chini ya fundi yeyote kujifunza kazi hiyo. Hata hivyo aliomba aruhusiwe kuisafisha. Frank Dyson, mwanaastronomia mkuu wa mfalme, alikubali. Kazi iliyoanza kama usafi tu ilimshika kwa miaka 13.

Jina lake ni Rupert Gould. Watu wanaopenda saa za mashine wanamjua, na Uingereza ya siku zake ilimjua kwa mengi mengine pia. Kwetu hatajwi sana, ingawa sisi wa seminarini tunaishi kwa kengele kuliko watu wengi: kengele ya kuamka, ya Masifu, ya darasa, ya chakula, ya kimya kikuu. Tena saa za mashine za kwanza huko Ulaya, mwishoni mwa karne ya 13, zilikuwa za makanisa makuu na monasteri, kwa sababu watawa walihitaji kujua saa ya sala hata usiku wenye mawingu. Saa ni jamaa yetu wa zamani.

Ili kumwelewa Gould ni lazima kwanza tumjue aliyezitengeneza mashine zile. John Harrison alizaliwa mwaka 1693 huko Yorkshire, mtoto wa seremala, naye akawa seremala. Saa zake za kwanza alizitengeneza kwa mbao. Wakati huo mabaharia waliweza kupima latitudo yao kwa jua na nyota, lakini longitudo hawakuijua, na meli zilipasuka miambani kwa sababu nahodha alidhani yuko mbali na nchi kavu kumbe yuko karibu. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo kwa usahihi wa nusu digrii.

Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Ukiwa na saa inayoonyesha muda wa bandari uliyotoka, na ukaona kwa jua kwamba hapo ulipo ni adhuhuri, tofauti ya nyakati hizo mbili inakupa longitudo. Shida ilikuwa saa yenyewe. Ikipotea dakika 4 safari nzima, umekosea digrii nzima, nayo karibu na ikweta ni kilomita 111 hivi. Saa ya ukutani yenye timazi haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa meli inayumba. Joto hurefusha chuma, baridi hukifupisha, mafuta huganda. Wataalamu wengi waliona haiwezekani.

Harrison aliishi na tatizo hilo maisha yake yote. Mashine yake ya kwanza, ambayo leo huitwa H1, ilikamilika mwaka 1735 na ikajaribiwa kwa safari ya Lisbon mwaka 1736. H2 ilifuata. H3 ilimla miaka 19, naye hakuridhika nayo. Kisha akageuka kabisa: H4, iliyokamilika mwaka 1759, ni kama saa ya mfukoni iliyonenepa, kipenyo chake sentimita 13 hivi, nayo inagonga mara tano kwa sekunde. Katika safari ya Jamaica ya mwaka 1761 hadi 1762, ilipotea sekunde 5 tu kwa siku 81. Kulipwa kulikuwa vita nyingine. Bunge lilimpa sehemu kubwa ya mwisho ya fedha mwaka 1773, naye akafa mwaka 1776. Mashine zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa Greenwich tangu mwaka 1766, na siku ya kuzihamisha wabebaji waliiangusha H1.

Sasa turudi kwa Gould. Alizaliwa Novemba 1890 huko Southsea, karibu na bandari ya Portsmouth, akaingia shule ya maofisa wa majini akiwa kijana mdogo. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwenye kumbukumbu ya ajabu, na jeshi lilimpeleka mpaka Uchina. Njia ilionekana imenyooka. Ndipo ikaja vita ya mwaka 1914, na Gould akavunjika kabla hajapigana. Wakati huo waliita ugonjwa wa neva. Kwa muda alishindwa hata kusema. Hakuna jeraha lililoonekana mwilini mwake, na katika jeshi la wakati ule mtu wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kujificha. Alipopata nafuu hakurudishwa melini. Alipewa kazi London, katika idara ya ramani za bahari, akae mezani na karatasi. Mwaka 1917 alimwoa Muriel Estall, wakapata watoto wawili wa kiume.

Nisimame kidogo hapa, maana darasani kwetu tumesoma Descartes. Katika tafakari yake ya sita anasema kwamba saa mbovu inafuata sheria za maumbile sawasawa na saa nzima; ubovu tunauona sisi, tukikumbuka fundi alikusudia ifanye nini. Kisha anaufananisha mwili wa mgonjwa na saa ya namna hiyo, ingawa mwenyewe anakiri kwamba mfano huo hautoshi. Kwa kweli hautoshi. Ukimsoma Gould unaona hivyo upesi. H1 ilipovunjika ilingoja miaka mingi kabatini bila kuumia. Gould alipovunjika alijua kwamba amevunjika.

Basi huyo ndiye mtu aliyeomba H1. Alianza na uchafu, akaukwangua na kuupiga brashi taratibu. Kisha akaona kwamba hawezi kuishia hapo, akaenda kwenye H4, kisha H2, akiacha H1 mwisho kwa sababu ndiyo iliyoharibika zaidi. Hakuomba mshahara. Kazi yake ya ramani aliifanya mchana. Saa zilikuwa za jioni, za usiku na za siku za mapumziko, nyumbani kwake. Wakati huohuo aliandika kile kitabu alichokusudia, kikatoka mwaka 1923. Ni historia kubwa ya kronomita za baharini, na mpaka leo wanaoshughulika na somo hilo hawawezi kukiruka.

Mimi mwenyewe wakati wa mapumziko hufungua saa za mkono za zamani, zile za kutia ufunguo, na nadhani msomaji ambaye hajawahi kufanya hivyo anahitaji kuelezwa ugumu uko wapi. Ndani ya saa ya mashine kuna springi kuu iliyokunjwa ndani ya kikombe. Hiyo ndiyo nguvu. Nguvu hiyo hupita katika magurudumu ya meno, moja likilisukuma jingine, hadi kwenye kifaa kinachoiachia kidogo kidogo, jino moja kwa kila mgongo wa saa. Mwisho kuna gurudumu linaloyumba huku na huku likivutwa na springi nyembamba kama unywele. Hilo ndilo linalopima muda. Kila mhimili una ncha inayoweza kuvunjika ukiikosea kwa kibano. Kila skrubu ina tundu lake, na mbili zinazofanana machoni hutofautiana urefu. Springi kuu lazima ilegezwe kwanza kabla hujagusa kitu, la sivyo itafyatuka na kung'oa meno ya magurudumu. Fundi saa wa mtaani, yule anayekaa na kimeza chake chenye kioo na lenzi jichoni, anayajua yote haya mikononi mwake bila kuyasema.

Kufungua si kazi. Mtoto anafungua. Kazi ni kurudisha, na kurudisha kunategemea mambo uliyoyaona ulipokuwa unafungua: kipande gani kilikuwa juu ya kipi, upande gani ulitazama chini, springi ilikuwa imevutwa kiasi gani. Tena fundi wa mtaani ana saa elfu moja za namna ileile za kulinganisha. Gould hakuwa na pa kulinganisha. H1 ni moja tu duniani, H2 moja, H3 moja. Kipande kinachokosekana hakina ndugu yake dukani. Ilimbidi aangalie tundu tupu, aangalie alama ya msuguano kwenye shaba, kisha ajiulize Harrison alikuwa ameweka nini hapo na kwa nini. Namna Harrison alivyoandika nayo haikumsaidia sana, maana seremala yule alikuwa na mikono ya ajabu na kalamu nzito mno.

Ndipo ikaonekana faida ya maradhi yake mengine, kama tukiyaita hivyo: Gould hakuweza kuacha kuandika kila kitu. Alijaza madaftari 18 kwa michoro ya wino wa rangi na maelezo ya kila gurudumu na kila skrubu. Wanafalsafa wenzangu watamkumbuka Aristotle, anayefundisha kwamba silabi si herufi zake tu; kuna kitu cha zaidi kinachozifanya ziwe silabi, nacho si herufi nyingine ya kuongeza. Vipande vya H3 vilivyotandazwa mezani si H3. Ni zaidi ya vipande 700, vyote vipo, na saa haipo. Gould alikuwa anakitafuta kitu kile cha zaidi.

H3 ndiyo iliyomtesa. Aliianza mwaka 1924. Harrison alikuwa amerundika ndani yake kila alichojua kwa miaka 19. Humo ndimo alimobuni utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa, shaba na chuma cha pua, ambao hupinda joto linapobadilika na hivyo kuirekebisha mwendo saa yenyewe. Ukipiga pasi ya umeme ikajizima na kuwaka, ni utepe wa namna hiyo unaofanya kazi. Humo pia ndimo alimoweka viringo vidogo ndani ya kizimba ili mhimili uzunguke bila kusuguana, na hao ni mababu wa beringi zilizomo kwenye magurudumu ya magari yetu. H1, H2 na H3 hazitumii mafuta kabisa. Harrison alijua mbao, akachagua mti mgumu wenye utomvu wa mafuta yake wenyewe, akaupachika mahali palipotaka ulainisho. Ni vizuri kuwaza kwamba tatizo lililowashinda wataalamu wa mafuta lilitatuliwa na mtu aliyezoea randa na patasi.

Kazi ya H3 ilikuwa bado katikati maisha ya Gould yalipopasuka mara ya pili. Ndoa yake ilikuwa imechoka kwa muda. Mwaka 1927 shauri lilifika mahakamani, mkewe akapewa utengano, na magazeti yakaandika mambo ya ndani ya nyumba kwa furaha kubwa. Gould alipoteza nyumba. Alipoteza malezi ya wanawe. Alipoteza na kazi yake katika idara ya ramani, pamoja na marafiki wengi walioona heri wasionekane naye. Akiwa na umri wa miaka 36 alirudi kuishi kwa mama yake.

Wanaomsimulia Gould kama shujaa wa saa hupita haraka hapa. Mimi sidhani ni haki. Muriel alikuwa na watoto wawili wadogo na mume ambaye usiku na siku za mapumziko alikuwa ameinamia shaba ya karne ya 18. Saa si sababu pekee ya ndoa ile kuvunjika, na sababu nyingine zilizotajwa mahakamani hazina haja ya kurudiwa katika gazeti la seminari. Lakini uvumilivu ambao Gould aliumwaga juu ya skrubu za Harrison bila kipimo ulikuwa uvumilivu wa mtu mmoja, wenye saa 24 kwa siku kama wa kila mtu, na kilichokwenda mezani hakikwenda sebuleni. Ninaandika haya nikijua kwamba hata katika wito wetu kuna watu wanaopenda sana kazi ya Kanisa, wakawa hawana nafasi kwa waumini waliokaa kwenye benchi nje ya ofisi. Kwa upande wa pili, siwezi kusema kwamba saa zilimharibu. Mwaka 1914 alikuwa hajagusa hata moja, na alivunjika. Baada ya mwaka 1927, alipokuwa hana kitu, madaftari na magurudumu yale ndiyo yaliyobaki mikononi mwake. Alirudi mezani.

H3 ilitembea mwaka 1931. Zilikuwa zimepita miaka 7 tangu aianze. Ndipo alipoichukua tena H1, ile ya kwanza aliyoiona, na sasa hakuisafisha tu. Springi zilizokosekana ilimbidi azikokotoe, kwa sababu mashine ile ina mikono miwili mirefu yenye uzito kwenye ncha, iliyounganishwa kwa springi ili mmoja ukienda kulia mwingine uende kushoto. Meli ikiyumba, kosa la mkono mmoja linafutwa na mwenzake. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi saa inawahi; ikiwa laini inachelewa; zisipolingana, maana yote ya ubunifu ule imepotea. Alijaribu, akafungua, akajaribu tena. Mwanzoni mwa mwaka 1933 alimaliza, na H1 ikagonga kwa mikono yake miwili inayokutana na kuachana.

Wahifadhi wa makumbusho wa leo wasingefanya kila alichofanya. Wangegusa kidogo zaidi, wangeacha kipande kilichochakaa kama kilivyo badala ya kuweka kipya, na wangepima kabla ya kusugua. Wana haki. Lakini bila yeye ni vigumu kuona wangekuta nini cha kuhifadhi.

Maisha yake mengine yalikuwa ya mtu anayeshindwa kukaa na jambo moja. Aliandika vitabu juu ya mafumbo ya ulimwengu na juu ya nyoka wa baharini. Mwaka 1933, baada ya kumaliza H1, alizunguka ziwa Loch Ness huko Scotland kwa pikipiki akiwahoji watu waliodai kuona mnyama mkubwa majini, akatoa kitabu mwaka uliofuata, na aliwaamini. Hapo nashindwa kumfuata. Mtu aliyetaka ushahidi wa kila alama ya msuguano kwenye shaba aliridhika haraka mno na maneno ya mashahidi wa ziwani. Alikusanya mashine za kupiga chapa. Alikuwa mwamuzi wa tenisi Wimbledon. Redioni watoto walimsikiliza akiwaeleza nyota, na wakati wa vita ya pili alikuwa miongoni mwa wale waliojibu maswali ya wasikilizaji katika kipindi kilichopendwa sana nchini humo. Mtu aliyewahi kupoteza sauti yake alijulikana kwa taifa zima kwa sauti.

Mwaka 1947 chama cha mafundi saa wa Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu, heshima yake kubwa kuliko zote. Yeye ambaye hakuwahi kuwa mwanagenzi wa fundi yeyote. Alifariki dunia Oktoba 5, 1948, mjini Canterbury, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 57. Mwanawe mkubwa, Cecil, yule aliyelelewa bila yeye, alikuja kuwa mtaalamu wa historia ya sanaa na mmoja wa watunzaji wa picha za kale katika jumba la taifa la sanaa, London.

Saa zipo Greenwich mpaka leo. H1, H2 na H3 zinatiwa ufunguo na zinatembea, kwa sababu hazihitaji mafuta na hazijili zenyewe. H4 imesimamishwa. Hiyo inatumia mafuta, na mafuta huharibika, na kila inapotembea inachakaa kidogo. Kwa hiyo imelazwa kioni pake ikiwa nzima, inayoweza kwenda lakini haiendi. Wageni wengi huipita, maana haina mlio, wakaenda kusimama mbele ya H1 kutazama mikono yake.